Abiria Saba wa Basi la Alfajiri

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Ya muda, lakini kazi. Mdodosaji wa abiria, shirika la mabasi ya jiji. Nimekabidhiwa ubao wa kuandikia, kalamu mbili na kizibao cha rangi ya chungwa chenye maandishi mgongoni. Maandishi yamefutika nusu. Hata hivyo watu walinipisha njiani.

Kazi yenyewe rahisi. Mtu anapanda basi, unamuuliza: umri, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, unapata tabu gani safarini, ungependa basi liondoke saa ngapi. Unaandika. Shirika linataka kujua ni nani hasa wanaopanda mabasi yake, ili lijue safari za kuongeza na za kupunguza. Mkuu wetu, ambaye ofisi nzima humwita Mzee wa Chati kwa sababu kuta zake zote zimejaa michoro, alitueleza haya kwa saa nzima. Nilielewa dakika ya kwanza. Zilizobaki nilizitumia kutazama kizibao cha kijani kilichotundikwa nyuma ya mlango wake.

Kizibao cha kijani ni cha msimamizi. Msimamizi hadodosi mtu. Hukaa kitini, hupokea fomu, na ajira yake ni ya kudumu. Atateuliwa mmoja wetu mwisho wa wiki ya pili. Nimeshajiteua.

Anayenitia wasiwasi ni mmoja tu, msichana mwenye miwani minene. Nimempa jina la Binti Miwani. Aliuliza maswali sita. Nani huuliza maswali siku ya kwanza? Mtu mwenye njama.

Nimepangiwa njia namba tisa, ile inayopita hapa mtaani kwetu. Zamu tatu: alfajiri, mchana, jioni. Mke wangu alifurahi mpaka akanikaangia mayai mawili. Yeye ni mpishi wa hospitali na hupanda hiyo hiyo tisa, safari ya kwanza kabisa, saa kumi na nusu alfajiri. Akasema sasa tutakuwa tunaondoka pamoja. Ile "pamoja" sikuipenda.

Jumanne, 4 Machi

Zamu ya mchana. Watu hawana shukrani.

Bibi mmoja nilimuuliza umri. Akaniuliza mama yangu ana miaka mingapi. Nikamtajia. Akasema basi na yeye ni mama yangu, na mtoto mwenye adabu haandiki miaka ya mama yake kwenye karatasi. Fundi bomba mmoja alitaka kwanza kujua kama mimi ni mtu wa kodi. Nikasema hapana. Akasema hivyo ndivyo mtu wa kodi angejibu. Bwana mmoja mpole pale kituoni alijibu kila swali, kwa utulivu, kwa kirefu, mpaka mkono ukaniuma. Mwishoni nikamuuliza angependa basi liondoke saa ngapi. Akasema yeye hapandi basi. Amekuja kukaa kivulini.

Na goti langu la kushoto! Kila dereva akikanyaga breki, goti linalia. Hakuna anayelidodosa goti langu.

Kufikia jioni nilikuwa na fomu tatu, na moja ni ya yule wa kivulini. Binti Miwani, aliyepewa njia namba nne, nilimwona akishuka na rundo. Nikamuuliza siri yake. Akasema anasubiri watu watulie, kisha anawasalimia. Uongo mtupu. Salamu haziwezi kuzaa rundo.

Jumatano, 5 Machi

Zamu ya alfajiri. Saa ya mezani ililia saa kumi. Mke wangu aliinuka. Mimi niliinuka kimawazo.

Aliponiita mara ya kwanza nilimwambia atangulie bafuni. Mara ya pili nilimwambia nimekumbuka, zamu imebadilishwa, mimi ni wa mchana. Akasema haya, akanifunika shuka miguuni, akatoka. Nikasikia mlango. Nikasikia basi likipanda kilima, likasimama, likaondoka. Kwa hiyo hakuna atakayesema sikulifuatilia.

Saa nne nikahamia barazani kwa fundi cherehani, jirani yetu, mtu wa maneno machache kwa kuwa mdomo wake umejaa pini kutwa. Pana benchi na kivuli. Nikaweka ubao mapajani nikatumia akili, kitu ambacho Binti Miwani hana muda nacho. Kwa nini nihangaike kuuliza? Abiria ni binadamu. Mimi ni binadamu. Nikijua ninavyojibu mimi, nimejua wanavyojibu wao. Hiyo ndiyo sayansi.

Abiria wa kwanza: mwalimu mstaafu. Wa pili: mjane, muuza vitunguu. Wa tatu: rubani, ndege yake iko gereji. Wa nne seremala, wa tano seremala mwenzake. Kubuni watu kunachosha kuliko kuwauliza, sikujua. Nikajikokota mpaka wa saba nikaweka kalamu chini. Saba wanatosha. Basi la saa kumi na nusu linaweza kuwa na watu wangapi zaidi ya hao?

Kuhusu saa ya kuondoka sikupoteza muda. Hakuna mwenye akili timamu anayependa saa kumi na nusu. Nikaandika saa mbili asubuhi. Wote saba. Za wazee niliziandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko utetemeke. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba anayejaza fomu ni mimi, si wao. Potelea mbali. Zimependeza.

Fundi alinitazama muda mrefu. Akatoa pini mdomoni, akauliza hao watu ninaowaandika wako wapi. Nikamwambia ni mambo ya takwimu. Akarudisha pini.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Ushindi kamili!

Siku ya kukabidhi fomu. Mzee wa Chati alizipitia za wenzangu kwa uso wa mtu anayechagua mchele wenye mawe. Majibu yamevurugika: huyu anataka saa kumi na moja, yule saa tatu, mwingine anataka kuongea na mkubwa wako. Akafika kwenye zangu za alfajiri. Akanyooka kitini. Saba kwa saba, saa mbili! Akasema tangu aanze kazi hajawahi kuona duara la majibu lenye rangi moja. Akalichora papo hapo, bluu tupu, akalibandika katikati ya ukuta. Ili lipate nafasi ilibidi atoe kalenda.

Binti Miwani akaomba kuziona. Akauliza, kwa ile sauti yake ya upole inayokera, inakuwaje abiria wote saba wana miaka arobaini na miwili. Hata mwalimu mstaafu?

Hilo nilikuwa sijaliona. Mimi nina arobaini na miwili. Ndio umri unaonijia haraka.

Nikasema hilo ndilo rika la njia tisa. Mzee wa Chati akaandika "rika la njia tisa" na kulipigia mstari. Binti Miwani hakuishia hapo, akauliza kwa nini wote wanalalamikia goti la kushoto. Nikasema ni kile kilima. Mzee akaandika na kilima.

Nimeambiwa nina jicho la kazi. Wakati natoka nilikigusa kizibao cha kijani kidogo tu, pindoni. Kitambaa kizito.

Jumatatu, 10 Machi

Tangazo kituoni. Kuanzia Jumatatu ijayo, tarehe 17, safari ya alfajiri ya njia namba tisa imeondolewa. Basi la kwanza litaondoka saa mbili asubuhi, "kwa kuzingatia maoni ya abiria."

Nilisoma mara tatu. Maoni ya abiria ni mimi! Nimehamisha basi! Katika ukoo wetu nani amewahi kuhamisha hata baiskeli? Nikanunua karanga nikajipongeza.

Jioni mke wangu alirudi, akaketi bila kuvua viatu. Hapo nikajua mambo si mambo. Akasema chai ya wagonjwa inatolewa saa moja kamili, na wapo wanaochomwa sindano ambao hawaruhusiwi kukaa na njaa, kwa hiyo jiko haliwezi kumsubiri mtu. Akasema mkuu wa jikoni amewaambia bila kumung'unya maneno: atakayechelewa mara tatu ampishe mwingine, wanaotafuta kazi wamejaa getini. Kwa miguu ni mbali na ni giza. Teksi ya kila siku itameza mshahara. Kisha akasema, taratibu, kwamba ana miaka kumi na mmoja pale na hajachelewa hata siku moja.

Karanga zikanikwama.

Akasema mahali fulani kuna mpumbavu ameketi, amekunja nne, ameandika kwamba abiria wanataka saa mbili. Nilikuwa nimekunja nne. Nikaikunjua polepole. Akasema akimjua huyo mtu atamsikia. Nikamwambia asijali, tutamtafuta pamoja.

Jumanne, 11 Machi

Mkutano wa abiria wa alfajiri, barazani kwa fundi cherehani. Walikuja wengi kuliko saba. Wafagiaji wa barabara, mwoka mikate, mlinzi wa benki, mama mmoja mnene anayeuza maua mlango wa hospitali, na wengine ambao sikuwahi kuwaona ingawa wote ni wa mtaa huu. Sikutaka kwenda. Nilitaja goti. Mke wangu akasema goti nikalikunje huko huko.

Akawatangazia kwamba mume wake anafanya kazi katika shirika, atawasaidia kumpata mtu aliyeandika uzushi ule. Wakapiga makofi. Wakaniteua mwenyekiti wa kamati ya kumtafuta, kwa kuwa nina kizibao. Sijawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Naandika ukweli: kwa dakika moja nilifurahi.

Mlinzi akasema jambo la ajabu ni kwamba hakuna mdodosaji aliyewahi kupanda basi lao. Mwoka mikate akasema kweli kabisa. Macho yakaanza kunigeukia. Nikaona niwape pa kuyapeleka. Nikashusha sauti, nikasema kule ofisini yuko msichana fulani wa miwani, anauliza maswali mengi kupita kiasi, mimi simtaji mtu. Wakaguna wote pamoja. Hapo fundi cherehani akaanza kutoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejiandaa kuhutubia. Nikamwahi. Nikasema kiza kinaingia, kama mwenyekiti naahirisha kikao. Akazirudisha moja baada ya nyingine.

Baadaye nilimfuata nikamwambia nataka anishonee suti. Akaendelea kushona. Nikasema suti mbili.

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda kwa Mzee wa Chati kumwambia abiria wangu saba wamebadili mawazo. Akauliza wote? Nikasema wote, wana umoja sana. Akasikitika, akalitazama duara lake la bluu. Akasema shirika haliwezi kurudisha basi kwa maneno. Fomu hufutwa na fomu. Zikija fomu nyingine za alfajiri kufikia Ijumaa, ataangalia upya. Zisipokuja, tarehe 17 ni tarehe 17.

Kwa hiyo ni lazima kesho niamke. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini walioutunga huu msemo hawakusema aanze kuinama saa kumi alfajiri.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeliona. Saa kumi na nusu kuna dunia nzima huko nje!

Kituoni nilimkuta Binti Miwani. Mzee wa Chati amemtuma kuhakiki. Alikuwa akiwauliza watu mmoja mmoja pale kwenye foleni kabla hawajapanda. Akaniuliza na mimi, kwa sababu kila anayepanda anaulizwa. Usingizi ulikuwa umenitawala, nikamjibu hovyo, sikumbuki hata nilichosema. Nilipoingia ndani yeye alibaki chini akipanga fomu. Nikacheka moyoni. Mdodosaji gani hapandi basi?

Ndani taa zimepunguzwa, viti karibu vyote vimejaa, na hakuna anayesema neno. Wanalala. Wote! Mke wangu alinieleza utaratibu wao kwa kunong'ona kabla naye hajasinzia. Dereva humwamsha anayeshuka kituo cha kwanza. Huyo, kabla hajashuka, humgusa bega anayeshuka kinachofuata. Naye akishuka humgusa wa baada yake. Mfagiaji humgusa mwoka mikate, mwoka mikate humgusa mke wangu, mke wangu humgusa mlinzi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Miaka yote hiyo hakuna aliyepitilizwa.

Nilimtazama amelala, kofia yake ya jikoni mapajani, mdomo wazi kidogo. Nilimwonea huruma. Nikajionea aibu. Nimeliandika, basi.

Kisha nikaanza kazi. Niliwaamsha watu kwa upole nikawauliza umri wao. Wengine walinitukana kwa upole pia. Mwoka mikate ndiye aliyekuwa tayari kuongea, lakini pale alipokaa palikuwa na giza, siuoni mstari. Nikamhamishia kiti cha nyuma kabisa, chini ya taa. Akajibu vizuri, kwa mifano. Alipoinua kichwa tulikuwa mbele ya kiwanda chake cha mikate. Akaruka kwa mlango wa nyuma, mbio, bila kumgusa mtu yeyote bega.

Sikuliwaza hilo. Nilikuwa nahesabu.

Basi lote lililala mpaka kituo cha mwisho. Dereva akazima injini, akageuka, akaona abiria wake wote wamelala na mimi peke yangu niko macho na kalamu mkononi. Akaniuliza kwa nini sikuwaamsha. Nikasema hesabu inahitaji utulivu. Sitaandika alichosema.

Mke wangu amefika jikoni saa moja na nusu. Amechelewa kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Bado mbili.

Mchana, benchini. Fomu halisi ninazo kumi na moja tu, waliobaki walikuwa usingizini. Kumi na moja dhidi ya duara la bluu? Haziwezi kuliangusha. Nikakaa nikajaza mpaka mkono ukafa ganzi. Wote wanataka saa kumi na nusu, ambayo ni kweli tupu, kwa hiyo huu si uongo, ni ukweli uliotiwa chumvi. Na safari hii nimekuwa mwangalifu na umri: nimeanzia miaka minne nikaishia tisini na sita. Jumla, mia moja na kumi na tisa. Fundi alikuwa akinitazama muda wote. Akauliza kitambaa cha suti kiko wapi.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya.

Mzee wa Chati alianza kwa furaha. Abiria mia na kumi na tisa! Kisha akafungua faili la mabasi. Basi la njia tisa lina viti hamsini. Akauliza hao wengine walikuwa wapi. Nikasema wamesimama. Akauliza na huyu wa miaka tisini na sita? Nikasema ana afya. Akaendelea kupekua. Akatoa fomu moja akaisogeza mbele yangu kwa kidole. Mlinzi wa benki, miaka minne.

Nikasema labda ni kosa la kalamu.

Binti Miwani akaweka zake mezani. Arobaini na sita, wa kila umri, wanawake wengi kuliko wanaume, karibu wote wanakwenda kazini kabla ya saa moja. Mmoja tu ndiye aliyesema angependa basi liondoke saa mbili asubuhi: mwanamume, arobaini na miwili, anamsindikiza mkewe, anaumwa goti la kushoto.

Mzee wa Chati akainuka, akaenda ukutani, akalibandua duara la bluu. Lilikuwa limeanza kufifia. Akalikunja taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Nilimhurumia kweli.

Basi la alfajiri linabaki. Kizibao cha kijani kimekwenda kwa Binti Miwani, na kinampwaya. Mimi nimevuliwa cha chungwa mbele ya watu. Nimerudi nyumbani na kalamu moja. Ya pili waliidai.

Nimemwambia mke wangu habari njema, kwamba basi halitaondolewa. Amenikumbatia. Habari nyingine nitamwambia zikiiva.

Jumamosi, 15 Machi

Zimeiva.

Binti Miwani alikuja mwenyewe mtaani, barazani kwa fundi, kuwaomba radhi abiria kwa niaba ya shirika. Nilikaa nyuma ya mama wa maua. Wakamkazia macho kwa yale niliyosema juu yake, lakini aliwasalimia mmoja mmoja na nusu yao wakalainika. Labda lile la salamu lina ukweli kidogo. Kisha akasema kabla hajaifunga kazi hii angependa kujua kama yupo anayewafahamu abiria saba wa mwanzo. Akaanza kusoma. Mwalimu mstaafu, arobaini na miwili, goti la kushoto, anataka saa mbili. Mjane, muuza vitunguu, arobaini na miwili, goti la kushoto, anataka saa mbili. Alipofika kwa rubani, mke wangu alikuwa ameshageuka ananitazama.

Fundi cherehani akatoa pini zote kwa mkupuo mmoja. Akasema hao saba anawafahamu sana, wanakaa kwenye benchi lake.

Mlinzi akasimama, akasema kwa heshima kwamba wangependa kusikia taarifa ya mwenyekiti wa kamati. Nikasimama. Nikasema kamati imefanya kazi, mtu amepatikana. Nikakaa. Njia ya mwongo fupi, walisema wahenga, lakini yangu ilikuwa fupi kuliko kawaida.

Nilitegemea kelele. Wakajadiliana tu, kama watu wanaogawana zamu. Mwoka mikate anahamia zamu ya usiku, kwa hiyo hakuna wa kumwamsha mke wangu. Wakaamua nipande mimi. Kila alfajiri, nikae kando yake, nisilale, basi likikaribia hospitali nimguse bega. Hakuna kingine. Hata mtoto anaweza, alisema mama wa maua.

Nyumbani mke wangu hakufoka. Akasema uongo wangu ameuzoea, hata hakasiriki sana. Kinachomuuma ni kwamba miaka kumi na mmoja nimekuwa namsikia akifungua mlango, na sikuwahi kujiuliza anakwenda kusafiri na nani. Nikaona watu saba wanatosha.

Hilo lilinichoma. Sikulala vizuri. Nimeapa, kwa dhati, mbele ya saa ya mezani, kwamba nimebadilika.

Jumatatu, 17 Machi

Niliamka. Nilikaa kando yake. Nilimgusa bega. Alishuka, akapunga mkono nje ya dirisha. Mlinzi naye alishuka kituo chake. Kila mtu alishuka kituo chake! Naandika haya kwa fahari. Mimi ni kiungo muhimu katika usafiri wa jiji hili.

Jumatano, 19 Machi

Leo kapanda mdodosaji mpya. Mtu mzima, ana upara, amevaa kizibao cha chungwa chenye maandishi yaliyofutika nusu. Nilikitambua mara moja. Shirika linadodosa upya njia zote, safari hii ndani ya basi.

Maskini wa watu! Akasimama katikati akitazama viti. Wote wamelala, ubao wake mtupu. Aliyekuwa macho ni mimi peke yangu. Akainama akaninong'oneza kwamba msimamizi, binti mmoja mkali wa miwani, anamsubiri kituo cha mwisho na yeye hana hata fomu moja. Hawezi kuwaamsha watu, amekatazwa. Moyo ukanilainika. Haya ni mateso ninayoyajua.

Nikamjibu yangu. Kisha akauliza, kwa aibu, kama nawafahamu hawa waliolala. Nisiwafahamu vipi? Hawa ni watu wangu! Nikamwambia akae. Nikamtajia mlinzi, nikamtajia mama wa maua, nikaendelea kiti kwa kiti mpaka nyuma. Umri nilimkadiria, na kwa uangalifu mkubwa: huyu arobaini na mmoja, yule arobaini na tatu. Tulipofika kwenye saa ya kuondoka nilisita. Nilifikiri kwa kina. Siku ya tatu leo naamka saa kumi. Macho yanawaka, goti halijui hata ni upande gani wa siku. Hakuna mwenye akili timamu anayependa jambo hili. Nikasema saa mbili. Wote.

Alinishukuru mpaka akanishika mkono. Ikabaki fomu moja tu, ya mwanamke aliyeniegemea begani, kofia ya jikoni mapajani. Nikamjibia na yeye.

Nimetoa daftari niandike haya, na sasa ndio nimeona kwamba basi limesimama. Sijui tangu lini. Hapa si hospitalini, ni kituo cha mwisho. Nyuma yangu naisikia mihemo ya watu wazima waliolala fofofo. Nje, yule mwenye upara amekabidhi rundo lake. Binti Miwani, ndani ya kizibao cha kijani, anasoma fomu ya kwanza. Anasoma ya pili. Anasoma ya tatu. Ameinua kichwa anatazama madirisha.

Mke wangu bado amelala. Sijamwamsha. Nitamwamsha nikishapata la kusema. Nadhani nitasema ni goti.